Kipimo cha Baruti cha Mzee Nampembe

Aliyeharibu jicho la kulia la Mzee Hamisi Nampembe ni mimi. Naliandika hilo kwanza, mwanangu, kabla ya salamu na kabla ya habari nyingine yoyote, kwa sababu katika faili la tarafa imeandikwa kwamba aliliharibu mwenyewe kwa uzembe wake. Sentensi hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu, nikaitia sahihi, nikaipiga muhuri. Nilikuwa karani. Leo ni mstaafu, nakaa Lupaso, kwetu Masasi, kwenye shamba langu dogo la mikorosho, na nimefika umri ambao haifai kuendelea kumbebesha mwenzangu mzigo usio wake.

Tarafa yenyewe sitaitaja, kwa kuwa walioko ofisini leo wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Inatosha ujue kwamba iko juu ya uwanda, upande wa Newala, kunakopatikana kila kitu isipokuwa maji.

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipowaita wenye magobore wote wa kijiji kimoja waje na silaha zao zikaguliwe. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na nilikuwa na rejista mpya yenye jalada gumu. Walikuja wazee kumi na mmoja, wakapanga bunduki zao kwenye mkeka mbele ya ofisi, kisha wakakaa kwenye benchi na kunitazama kwa heshima, jinsi watu wanavyomtazama mgeni ambaye bado hawajajua kama ni wa heri.

Wewe uliyezaliwa zama za simu huenda hujapata kuona gobore likishindiliwa, kwa hiyo nitakueleza. Ni bunduki inayolishwa kwa mdomo. Baruti nyeusi humiminwa kwanza ndani ya mtutu, juu yake hutiwa kizibo cha sufi au nyuzi za kamba, kisha goroli, kisha kizibo cha pili ili goroli isiporomoke mtu akiinamisha bunduki. Kila tabaka hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa chuma unaokaa chini ya mtutu. Mwisho huvikwa fataki kwenye chuchu iliyo nyuma, karibu na jicho la mpigaji, na nyundo ikiigonga, moto hupenya ndani. Katika hayo yote swali gumu ni moja tu, kiasi cha baruti. Ikipungua, nguruwe pori hugeuka kumtazama aliyemsumbua, kisha huendelea kuchimba muhogo. Ikizidi, mtutu ndio unaopasuka, na aliye karibu na mtutu ni binadamu.

Kila mzee alikuja na kipimo chake, kipande cha mwanzi kilichofungwa kwa uzi kwenye mkanda wa bunduki. Mzee alikijaza baruti usawa wa mdomo, akaimimina mtutuni, basi. Nilivipanga vyote kumi na kimoja mezani na nikashtuka. Hakuna viwili vilivyolingana. Kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Bwana Simoni, mtu wa mzaha mwingi, ambaye nyumbani kwake ndiko nguruwe wote waliouawa na majirani zake Waislamu walikopelekwa. Kifupi kuliko vyote kilikuwa cha Mzee Nampembe, na kilionekana kimekatwa kwa kisu mara nyingi, kila mara kipande chembamba.

“Kwa nini chako ni kifupi hivi?” nilimuuliza.

“Bunduki yangu ni mzee, Bwana Karani,” alijibu. “Anakula kidogo.”

“Na changu ni kirefu kwa sababu bunduki yangu inakula nguruwe,” alisema Simoni, na benchi zima likacheka.

Mimi sikucheka. Niliona vurugu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kazi ya serikali ni usawa, na hapa palikuwa na watu kumi na mmoja wa kijiji kimoja wenye silaha za aina moja na vipimo kumi na kimoja. Usiku wala mchana sikupumzika mpaka nilipopata suluhisho ambalo niliona ni la kisomi. Nilipima urefu wa kila kipande cha mwanzi kwa rula, nikajumlisha, nikagawa kwa kumi na moja. Nilipata wastani. Nikamwagiza fundi wa mabati atengeneze vikopo kumi na kimoja vyembamba vya bati, vyote vya ujazo huo mmoja, nikaandika waraka: kuanzia tarehe fulani kila gobore litashindiliwa kwa kipimo rasmi, ujazo kamili, na vipimo vya mwanzi visalimishwe ofisini.

Vilisalimishwa. Niliviorodhesha kwenye rejista kama vifaa vilivyoondolewa matumizini, nikaviteketeza nyuma ya ofisi kwa utaratibu unaotakiwa, mbele ya shahidi mmoja, mhudumu wa ofisi. Mwanangu, mpaka leo sijawahi kufanya kazi iliyokamilika kwa karatasi namna ile.

Mzee Nampembe alirudi peke yake kesho yake. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha. Kwa umri alikuwa wa kunizaa, na kwa haki mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia kwanza, lakini nilingoja aanze yeye. Hilo nalo liandikwe.

“Bwana Karani,” alisema, “naomba ruhusa ya kujaza kikopo nusu.”

“Waraka unasema ujazo kamili.”

“Nimeusikia ukisomwa. Ila mtutu wangu umeliwa na kutu, upande wa nyuma umekuwa mwembamba. Baba yangu aliutumia, mjomba wake aliutumia kabla yake. Kila masika yakipita nampunguzia bunduki baruti.”

“Mzee, serikali haina bunduki kijana wala bunduki mzee. Ikiwa mtutu ni mbovu, sema nikunyang’anye leseni.”

Alikuwa na shamba la karanga na muhogo lililopakana na pori, na bila bunduki hangevuna hata kikapu. Alisema, “Basi nimeelewa,” akaaga kwa adabu. Aliyekuwa hajaelewa kitu alikuwa amekaa kwenye kiti.

Wiki iliyofuata niliitisha majaribio. Nilitaka kuona kipimo changu kikifanya kazi, na nilitaka niandike taarifa ya mafanikio. Tulikwenda nje ya kijiji asubuhi, jua bado ni changa, wazee kumi na mmoja na mimi na rejista yangu. Lilisimamishwa gogo la mkorosho uliokufa liwe shabaha. Wa kwanza akapiga, goroli ikaingia. Wa pili naye. Bunduki ya Simoni, iliyozoea zaidi ya ile, ilitoa mlio wa kikohozi, goroli ikagonga gogo na kuanguka chini.

“Bwana Karani,” Simoni alisema, “huyu nguruwe ameomba nimpige tena, hakusikia vizuri.”

Walicheka. Mimi niliandika: nguvu inatosha.

Wa mwisho alikuwa Mzee Nampembe. Aliinama kwenye mfuko wake wa ngozi, akajaza kikopo nusu, akaanza kumimina. Nilimwona. Nilisogea mpaka ubavuni pake nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Jaza.” Alinitazama. Macho yake yote mawili yalikuwa mazima, nami ndiye mtu wa mwisho kutazamwa nayo yote mawili. Hakubishana. Alijaza kikopo mpaka mdomoni, akamimina, akaweka kizibo, akaweka goroli, akashindilia kwa uangalifu mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Kisha akaniambia kwa upole, “Rudi nyuma kidogo, Bwana Karani. Nenda kule kwa wenzako.” Nilirudi hatua kama kumi. Hatua hizo ndizo zilizoniachia sura yangu.

Mtutu ulipasuka nyuma, pale palipokuwa pembamba. Sikusikia mlio mkubwa kama nilivyotarajia. Niliona moshi mweupe, na moshi ulipoondoka nilimwona mzee amekaa chini, ameufunika uso kwa viganja, anasema taratibu, “Maji. Naomba maji.”

Hatukuwa na maji. Walimkimbiza nyumbani kwake, mimi nikifuata nyuma na rejista kwapani. Mkewe, Mama Zainabu, alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo kutoka kichwani, baada ya kuondoka alfajiri kuteremka bondeni na kuupanda tena mlima. Nyumbani hapakuwa na maji mengine. Aliitumia ndoo nzima kumwosha mumewe macho, kikombe baada ya kikombe, bila kuuliza lililotokea. Ndoo ilipokaribia kwisha walianza kuingia majirani, huyu na kibuyu, huyu na sufuria, mwingine na kopo la nusu, kila mmoja akimimina alichokuwa nacho. Jicho la kushoto lilipona. La kulia halikupona.

Siku ya tatu nilikwenda kuchukua maelezo. Mama Zainabu alinitolea kigoda, akaniletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati, kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni. Nilikunywa yote. Nikafungua karatasi, nikaandika nikiwa nimekaa pale pale kwenye kigoda chao: mmiliki alizidisha baruti kuliko kipimo rasmi, kwa uzembe, leseni ifutwe. Nilikuwa katika muda wa majaribio, bado sijathibitishwa kazini. Nilijua kwamba waraka wangu ukitajwa, nitarudishwa nyumbani. Sikuwa mkatili, mwanangu. Nilikuwa na hofu na kalamu, na vitu hivyo viwili vikikutana katika mkono mmoja huumiza watu wengi kuliko bunduki.

Nilikusanya karatasi zangu niondoke. Mzee Nampembe, aliyekuwa amelala mkekani amefungwa kitambaa usoni, akaniuliza nimeandika nini. Sikuweza kumdanganya akiwa ananisikiliza namna ile. Nilimsomea.

Mama Zainabu akasema, bila kunitazama, “Kile kipimo alikuwa akikikata hapa mlangoni kila masika yakiisha. Mimi namshikia. Miaka yote hiyo. Wewe ulikichoma kwa siku moja.”

“Mwache,” mumewe alisema. Aliinuka akakaa. “Hebu nieleze, Bwana Karani. Ule urefu uliupata wapi? Nilitaka kukuuliza siku ile, nikaona una haraka.”

Nilimweleza habari ya kujumlisha na kugawa.

“Ulijumlisha bunduki za watu, ukazigawa.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Kwenu Masasi mnashona hivyo nguo? Anajumlishwa bibi na mtoto mchanga, wanashonewa gauni la katikati?”

Niliitazama karatasi mikononi mwangu.

“Bibi linambana, mtoto linamfunika,” alisema. “Hakuna hata mmoja aliyevaa. Hiyo ndiyo hesabu yako. Umepata bunduki ambayo haipo kijijini hapa, ukaipimia baruti yake, ukatupa sisi tutumie.”

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Nilianza kulia, nikiwa na shati langu jeupe, mbele ya mwanamke aliyenipa maji.

“Usilie, mwanangu,” alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponiita hivyo. “Nisikilize. Wenzangu waliokuwepo wanataka kwenda Newala kusema ukweli. Nimewazuia. Ukifukuzwa wewe ataletwa mwingine, naye atakuja na hesabu yake, nasi tutaanza upya kumfundisha. Wewe tumeshalipa ada yako. Hiyo karatasi andika utakavyo kwa sasa. Siku utakapokuwa na nguvu za kuandika kweli, utaiandika. Lakini wale wazee kumi bado wana vikopo vyako nyumbani, na nguruwe wanakuja. Vipimo vyetu utaturudishia lini?”

“Nilivichoma, Mzee.”

“Najua. Nauliza utaturudishia lini.”

Ndivyo nilivyofundishwa, kwa Jumamosi nyingi mfululizo, na mtu niliyempofua. Tulianza na bunduki ya Simoni. Mzee Nampembe alikaa kwenye kigoda mbali, nyuma ya kichuguu, kitambaa kikiwa bado kimefunika jicho, na mimi nikawa mikono yake. Bunduki haikushikwa na mtu. Iliegeshwa kwenye panda ya mti, ikafungwa kwa kamba, na kifyatulio kikavutwa kwa uzi mrefu kutoka nyuma ya kichuguu. Tulianza na baruti kidogo mno, kiasi ambacho Simoni alisema hakingemtisha hata kuku. Tukapiga. Mzee akasikiliza.

“Huyo amekohoa,” alisema. “Muongeze kidogo. Kidogo, mwanangu. Hujazi gunia.”

Nikaongeza chembe. Tukapiga tena, tukatazama goroli imeingia kiasi gani kwenye gogo. Mbele ya mtutu alitaka pawekwe kitambaa cheupe, na kwa kuwa hapakuwa na kingine, Mama Zainabu alitoa kanga yake yenye mji mweupe, ile sehemu ya katikati. Baada ya kila mlio nilikwenda kuipekua. Ikiwa ina masizi tu, sawa. Siku nilipokuta juu yake punje za baruti ambazo hazikuungua, nilimpelekea mzee kwenye kiganja, akazipapasa kwa kidole.

“Hizi zimetoka kabla ya kuliwa,” alisema. “Bunduki ameshashiba, unamlazimisha. Mrudishe hatua mbili nyuma, kipimo kiwe kile cha juzi. Halafu kata.”

“Mbona kile cha juzi goroli haikuingia sana kama ya leo?” niliuliza.

“Ulitaka iingie mpaka wapi? Ilimtosha nguruwe. Kipimo kizuri hukitafuti mwisho wa nguvu za bunduki. Unakitafuta pale haja yako inapotimizwa, halafu unakaa hapo hapo, hata watu wakikucheka.”

Simoni alikata kipande kipya cha mwanzi, nikakijaza kiasi kile, nikakikata kwa kisu usawa wa baruti. Mama Zainabu aliipokea kanga yake, akaifunua dhidi ya mwanga, akahesabu matundu.

“Hii ilikuwa ya Idi,” alisema.

“Idi ya mwaka gani?” Simoni alimuuliza. “Nimeiona tangu hujaolewa.”

“Nyamaza wewe mla nguruwe,” alisema, naye akacheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza katika kijiji kile.

Tulifanya hivyo kwa bunduki zote kumi, moja moja. Ya kumi na moja, ya mzee mwenyewe, ilikuwa vipande viwili vya chuma kwenye kona ya nyumba. Kwa kila moja nilijifunza jambo ambalo halikuwemo kwenye bunduki iliyotangulia. Moja ilitaka kizibo kizito, nyingine chepesi. Moja ilikuwa na mtutu mpana kiasi kwamba goroli za mwenzake zilicheza ndani yake kama maharage kwenye kopo. Moja tuliikataa kabisa. Mzee aliugonga mtutu kwa kucha, akausikiliza, akamwambia mwenyewe aitundike ukutani na asiitie baruti tena maisha yake, na mwenyewe akakubali, ingawa nilipomwambia mimi jambo hilo hilo wiki moja kabla alinikatalia.

Msimu ule Mzee Nampembe alilinda shamba lake kwa kugonga debe. Simoni alimlindia upande wa pori. Hata hivyo karanga nyingi zililiwa, na mwaka uliofuata Mama Zainabu alilima nusu ya shamba tu.

Nami nilithibitishwa kazini. Nilijiambia kwamba nikithibitishwa nitaandika ukweli. Nilipothibitishwa nilijiambia nikipanda cheo. Nilipopanda cheo nilihamishiwa Masasi, nikaoa, nikapata watoto, na kila mwaka ile karatasi ilizidi kuwa nzito kuinua. Nilimtembelea mzee kila nilipopanda kule juu, nikampelekea sukari na kanzu. Hakunikumbusha hata mara moja. Nilitafsiri ukimya wake kuwa msamaha, kwa sababu tafsiri hiyo ilinifaa.

Mwaka huu Zainabu, binti yake, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alikuja Lupaso. Alikuwa ameomba kibali halali cha bunduki ya kulindia shamba lile lile, na ombi lilikuwa limerudishwa pamoja na nakala ya taarifa ya zamani: familia ina kumbukumbu ya uzembe wa silaha. Aliiweka karatasi mezani kwangu, akaweka kidole chini kabisa.

“Baba,” alisema, “wewe ulikuwa ofisini enzi zile. Hii sahihi ni ya nani?”

Hakuwa akinitega. Alikuwa hajui. Wazazi wake hawakumwambia, si yeye wala nduguze, katika maisha yao yote. Nilimwambia, “Ni yangu,” kisha nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi, akasema, “Basi twende ukamwambie mwenyewe.”

Tulipanda pamoja kesho yake. Mama Zainabu ameshatangulia mbele ya haki. Mzee Nampembe yupo, jicho la kushoto nalo limefifia kwa uzee, lakini alinitambua kwa hatua zangu.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Bwana Karani. Umekuja na Zainabu. Kumbe ndiyo leo.”

“Nimekuja kuandika ile karatasi.”

“Nilijua utakuja,” alisema. “Ila umechelewa sana. Ulikuwa unakuja kwa miguu?”

Zainabu alitoka nje. Sisi wawili tulikaa, tukaletewa ming’oko ya moto, vile viazi vya porini, tukala kwenye sahani moja. Nilimuuliza anataka nini hasa, kwa maana nilikuwa tayari kumpa chochote.

“Bunduki sitaki, nitalenga nini,” alisema. “Zainabu atajua mwenyewe habari ya nguruwe wake. Mimi sitaki wajukuu zangu wasomewe kwamba babu yao alikuwa hajui kipimo. Maisha yangu yote nilijua kitu kimoja vizuri, mwanangu, na kwenye karatasi yenu imeandikwa kwamba ndicho nisichokijua.”

Kutoka pale nilikwenda ofisini. Kijana niliyemkuta ana adabu. Aliniamkia, akanipa kiti, akasoma maelezo yangu yote. Kisha akaniambia, “Mzee wangu, jambo hili ni la zamani mno, faili lilishafungwa. Hata huyo mhusika sidhani kama yupo.” Nilimjibu kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekula naye. Akasema atalipeleka juu. Nimeandika barua tatu tangu siku hiyo, kila moja na nakala. Sijajibiwa hata moja. Nimekasirika, na sioni aibu kulisema, ingawa najua kwamba anayenikalisha benchini leo tulimfundisha kazi mimi na wenzangu, kizazi kwa kizazi.

Mwanangu, ushauri wangu ni huu. Ukipewa meza na muhuri, utaletewa watu wengi waliopangwa safu, na utashawishika kutafuta kitu kimoja kitakachowatosha wote. Kabla ya kukitafuta, muulize kila mmoja kwa nini chake ni kifupi, na ukae usikilize mpaka amalize. Aliyefanya kazi kwa miaka mingi huenda hana maneno ya kukuridhisha. Tazama alama za kisu kwenye mwanzi wake. Anza na kidogo. Ongeza kwa chembe. Ukitosheka, simama. Ukikosea, na utakosea, andika siku hiyo hiyo kwamba umekosea, wakati karatasi bado ni nyepesi. Usimngoje uliyemuumiza akukumbushe. Wapo watu waungwana kiasi kwamba hawatakukumbusha kamwe, na hao ndio utakaowaumiza mara mbili.

Mungu akujalie sikio refu kuliko kalamu yako. Akupe wazee watakaokukemea kwa sauti ya chini, na akupe moyo wa kuwasikia wakiwa bado hai. Akutangulie uendako, nyumba yako isikaukiwe maji, na anayekuja kwako ana kiu asiondoke na neno baya juu yako.

Na kwa ofisi inayotunza faili lile, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, nadai yafuatayo. Faili lifunguliwe. Sentensi inayomtaja Mzee Hamisi Nampembe kuwa mzembe ikatwe kwa mstari mmoja, isomeke, ili yeyote aone nini kiliandikwa na nini kimesahihishwa. Juu yake iandikwe kwamba mmiliki alijua kipimo sahihi, alikieleza, akaamriwa kukizidisha na karani aliyesimama ubavuni pake. Na jina la karani, ambalo liko chini ya taarifa ile kwa mwandiko ulio wazi, liandikwe pale palipoandikwa jina la mzee. Ikiwa kuna hatua ya kunichukulia, ichukuliwe. Anwani yangu mnayo kwenye barua zote tatu. Ombi la Zainabu lisikilizwe upya bila doa hilo. Na majibu yaletwe kwa maandishi, mapema, mkononi mwa Zainabu, ili Mzee Nampembe asomewe akiwa bado anasikia.